Wahitimu wangu wanachora milango, saiti hawaijui. Nifanye nini?

Wapendwa washauri,

Salaam. Mimi ni mbunifu majengo niliyesajiliwa, nina miaka 39, na ofisi yetu ya Dar es Salaam ina watu 22. Miezi minane iliyopita nilikabidhiwa kitengo cha usanifu. Chini yangu walikuwa wahitimu saba, wanawake wanne na wanaume watatu, wote wakikusanya mafunzo ya vitendo ili wafanye mtihani wa Bodi inayosajili wabunifu majengo.

Mwezi uliopita mmoja wa wale dada aliacha kazi. Alikuwa nasi miaka miwili na miezi mitatu. Siku anakabidhi kompyuta aliniwekea mezani daftari lake la mafunzo, lile ambalo mhitimu huandika kila kazi aliyofanya, akasema, "Kaka, angalia mwenyewe." Karibu kila ukurasa ulikuwa na maneno yaleyale: jedwali la milango, jedwali la madirisha, michoro ya vyoo, marekebisho, picha za 3D. Upande wa usimamizi wa ujenzi kulikuwa na siku mbili tu, na moja kati ya hizo alikwenda kupeleka michoro kwa mkandarasi akarudi.

Niliona aibu, maana kwa miezi minane ninayegawa kazi ni mimi. Sikukusudia. Saiti ikipiga simu ya haraka namtuma kijana mwenye pikipiki, kwa kuwa anafika. Tukiwa na zabuni, majedwali nampa yule dada, kwa kuwa hakosei. Siku zikaenda hivyo.

Mkurugenzi wetu, tunamwita Mzee, ni mtu mwema na amelea wengi katika fani hii. Ila anaamini saiti si mahali pa kumpeleka binti wa watu: mafundi wana lugha zao, jukwaa linaweza kuteleza, na likitokea la kutokea yeye ndiye atakayeulizwa na wazazi. Kuna pia kijana anayetembea kwa magongo. Hajatumwa saiti hata mara moja na hajalalamika. Dada mwingine amerudi kutoka likizo ya uzazi, huu ni mwezi wa pili, na tangu arudi anapewa vijikazi "asije akachoka".

Nilipomweleza Mzee, amekubali kuwalipia dada watatu waliobaki semina ya uongozi ya siku mbili. Je, hiyo inatosha? Kama haitoshi, nianzie wapi bila kumvunjia Mzee heshima na bila kuchelewesha miradi? Na huyu aliyeondoka, kuna ninachoweza kumfanyia sasa?

Kiongozi wa Kitengo, Dar es Salaam

*

Ndugu yetu,

Pole, na tunashukuru kwamba daftari lile ulilisoma hukulirudisha kabatini.

Semina wapelekeni. Mafunzo endelevu ya kitaaluma yana faida, na siku mbili za kujifunza kuendesha kikao au kumkatalia mteja kwa adabu hazipotei bure. Lakini semina haitaongeza mstari hata mmoja kwenye ule upande wa daftari uliokuwa mtupu, na utupu ule ndio uliomwondoa mwenzenu. Kwa maoni yetu shida yako inakaa mahali pamoja: zile dakika chache za asubuhi unapoamua nani afanye nini. Hapo ndipo mmoja anapata msingi, zege na kikao cha mkandarasi, na mwingine anapata milango miaka miwili. Rekebisha hapo kwanza, mengine yatafuata.

Anza na hesabu, maana kumbukumbu ya mgawa kazi humwonea huruma mgawaji. Toa mafaili ya miradi ya miezi 12 iliyopita, chukua mihtasari ya vikao vya saiti, fungua ukurasa wa mahudhurio, kisha piga alama mbele ya kila jina la mhitimu. Mradi wenye kikao kila wiki mbili una mihtasari kama 26 kwa mwaka. Miradi mitatu ni 78. Ni kazi ya nusu siku. Halafu chora jedwali. Majina saba yashuke kushoto, pamoja na la aliyeondoka. Juu weka hatua za kazi yetu: kupokea mahitaji ya mteja, michoro ya awali, usanifu kamili, kibali cha ujenzi, michoro ya kazi, zabuni, usimamizi wa ujenzi, na makabidhiano pamoja na kipindi cha kurekebisha kasoro. Kila kisanduku kiwe na idadi ya siku. Kama ofisi haijazi karatasi za saa, waombe walete madaftari yao mjaze pamoja.

Tafuta mstari wenye visanduku viwili vilivyojaa na sita vitupu. Usishangae ukikuta mwanaume humo. Kila ofisi ina kijana mmoja aliyejaliwa picha za 3D, na kipaji hicho kimemfunga kwenye kiti kama majedwali yalivyomfunga yule dada. Huyo naye umhesabu.

Sasa hizo sababu mbili ulizozitaja mwenyewe, "anafika" na "hakosei". Zinaonekana za haki kabisa, ndiyo maana hudumu miaka bila mtu kuzihoji.

La kwanza ni usafiri. Ofisi isipotoa nauli, pikipiki ya mtu inageuka sifa ya kitaaluma. Na nauli ya kurudishiwa mwisho wa mwezi haitatui kitu: mhitimu anayejitegemea hana akiba ya kwenda na kurudi Kigamboni au Kibaha mara nne kwa mwezi, na ataona haya kukwambia. Wekeni fungu dogo la saiti kwa mhasibu, litolewe kabla ya safari, lirudi na risiti. Au pangeni siku moja ya wiki gari la ofisi lizungukie miradi yote ya upande mmoja. Na simu za haraka zisimwite tena mwenye pikipiki. Aende aliyepangiwa mradi huo, hata akifika saa moja baadaye. Ni mara chache sana saiti ikapiga simu kwa jambo lisiloweza kusubiri saa moja.

La pili ni gumu zaidi, kwa sababu mtu asiyekosea kila mkuu wa mradi anamtaka. Dawa yake ni yeye amfundishe mwingine. Mpe wiki mbili amwelekeze mwenzake jinsi ya kuandaa majedwali, na baada ya hapo yeye awe mkaguzi wa kazi hiyo: anapokea, anatia alama nyekundu, anarudisha. Mara ya kwanza kazi itachelewa. Ongeza theluthi ya muda kwenye ratiba, na uiongeze mapema, maana usipoiongeza utashikwa na haraka ya zabuni na utamrudishia yeye yote usiku wa mwisho. Hapo ndipo mipango mingi ya namna hii hufia.

Ukishajua visanduku vitupu viko wapi, mpangie kila mhitimu mradi mmoja ulio kwenye ujenzi, akae nao. Wengi wakisikia "zamu" hupanga kila wiki mtu mwingine aende saiti, wote waonje. Matokeo yake hakuna anayeujua mradi, mkandarasi anaona sura mpya kila kikao, na anaacha kuwajali wote. Mtu mmoja, mradi mmoja, vikao 12 mfululizo. Kwa vikao vya wiki mbili mbili hiyo ni karibu miezi sita, muda wa kutosha kuona kazi ikitoka hatua moja hadi nyingine na kuona kosa la mchoro wake mwenyewe likimrudia.

Katika vikao hivyo apande ngazi. Vitatu vya mwanzo anaandika muhtasari na kuusambaza ndani ya siku mbili. Ni shule nzuri, kwa sababu huwezi kuandika usichokielewa. Kuanzia cha nne anashika ajenda ya maswali ya mkandarasi kuhusu michoro: kila swali lina namba, tarehe lilipopokelewa, nani anajibu, na mwisho wa kujibu. Kuanzia cha nane anaendesha kikao chote, wewe umekaa pembeni yake na umenyamaza. Angalia sana asibaki kwenye ngazi ya kwanza. Katika ofisi nyingi muhtasari ni wa mwanamke tangu siku anaingia mpaka siku anaondoka, na mara nyingi chai nayo ni yake. Chai ipangiwe zamu ya wote, ukiwemo wewe.

Maelekezo ya saiti na hati za malipo zinabaki kwako uliyesajiliwa. Yeye anaandaa, wewe unahakiki na kusaini. Lakini mtambulishe kwa barua. Mwandikie mkandarasi, nakala kwa mhandisi miundo na mkadiriaji majenzi (mtaalamu wa gharama za ujenzi), kwamba fulani ndiye mwakilishi wa mbunifu kwenye mradi huu kuanzia tarehe fulani na maswali yote yapite kwake. Kisha jiandae kwa simu. Wiki ya kwanza msimamizi wa mkandarasi atamruka akupigie wewe. Ukimjibu, hata kwa nia njema, hata kwa dakika moja, barua yako imekwisha nguvu. Mwambie, "Mpigie mbunifu wa mradi, nitakuwa naye tukikwama." Ukiyarudia hayo mara tatu au nne, ataacha.

Tukae kidogo kwenye siku moja, uone kwa nini tunasisitiza saiti. Ni siku moja kabla ya kumwaga zege la slabu, yaani sakafu ya zege, ya ghorofa ya kwanza. Nondo zimefungwa, mhandisi miundo anakagua zake. Mbunifu naye ana yake. Anapima kingo za slabu kutoka kwenye mistari ya gridi, ile mistari ya kupimia iliyo kwenye mchoro. Anaangalia kama sakafu ya bafu imeshushwa kama mchoro unavyosema, tuseme mm 50, ili maji yasije yakaingia chumbani. Anahesabu matundu ya mabomba ya maji machafu, moja moja, mchoro ukiwa mkononi: lile la choo cha pili lipo? Limekaa upande gani wa boriti? Anaangalia mwanzo wa ngazi na anajumlisha vipandio, akikumbuka kuongeza unene wa vigae vya juu na vya chini, kwa sababu kipandio cha kwanza au cha mwisho kikitofautiana na vingine watu watajikwaa hapo miaka yote ya jengo. Tundu likisahaulika, wiki mbili baadaye fundi bomba atakuja na nyundo atoboe zege, pengine akate na nondo. Mhitimu aliyechora vyoo miaka miwili bila kusimama juu ya nondo zile hajui kwamba alama yake ndogo ya bomba ndiyo inayoamua haya yote. Akisimama pale mara moja, michoro yake ya vyoo inabadilika kesho yake. Kwa hiyo usione kumpeleka saiti ni kumfanyia hisani. Ni ofisi inayopata michoro yenye makosa machache.

Kuhusu mahali penyewe, Mzee ana hoja na ijibiwe kwa vitu vinavyoshikika. Buti za saiti huwa ni namba 42 hadi 44, helmeti ina mkanda uliokatika, na choo ni mabati manne yasiyo na komeo. Mtu aliyevaa buti linalopwaya kweli atateleza kwenye jukwaa. Ninyi na mkadiriaji majenzi ndio mnaoandika BOQ, yaani orodha ya kazi na vifaa ambayo mkandarasi huiwekea bei, basi andikeni kwenye kazi za awali: choo cha wanawake peke yake, chenye komeo kwa ndani, maji na chombo cha taka chenye mfuniko, helmeti zinazorekebishika, buti za wageni kuanzia namba 36. Kisichowekewa bei kwenye BOQ hakijengwi, na mkandarasi akishasaini mkataba kila nyongeza inakuwa madai. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inadai vyoo vya kutosha na vifaa vya kujikinga, kwa hiyo hamtaonekana mnaomba anasa. Kwa miradi ambayo tayari inaendelea, nunueni jozi za ofisi, kila mhitimu buti la mguu wake.

Lugha za mafundi zinatulizwa na utaratibu. Ziara tatu za kwanza aende na mtu wa ofisi. Atambulishwe kwa cheo na mbele ya wote, "Huyu ndiye mbunifu wa jengo hili," isiwe "binti yetu" wala "mtoto wetu". Ratiba imruhusu kuondoka kabla ya giza. Na ajue nani wa kumpigia ofisini kama mtu amevuka mpaka, na kwamba hatua itakuwa barua kwa mkandarasi ya kutaka mtu huyo aondolewe saiti.

Sasa Mzee mwenyewe. Usimwendee kwenye kikao cha wakuu, na usianze na neno ubaguzi. Hata kama linafaa, ataanza kujitetea na mazungumzo yatakuwa juu ya moyo wake, wakati wewe unataka yawe juu ya ratiba. Mfuate asubuhi, peke yake, na jedwali lako mkononi. "Shikamoo Mzee. Nimekuja kuomba baraka zako kwa jambo la kitengo. Nimekosea kugawa kazi, naomba unitazamie hesabu hii." Kosa ulibebe wewe, maana kweli ni lako pia. Muoneshe mistari yenye visanduku vitupu. Kisha muoneshe fedha: tuseme mhitimu analipwa shilingi 900,000 kwa mwezi, na mgeni atakayemrithi atachukua miezi mitatu kuzoea taratibu zenu huku akitoa nusu ya kazi. Hizo ni shilingi 1,350,000, kabla ya kuhesabu saa zako za kumfundisha. Mzee ataibeba gharama hiyo na haitaandikwa popote.

Usiombe ofisi nzima ibadilike. Omba mradi mmoja, miezi sita, mhitimu mmoja mwanamke, na mengi ya hayo ya usafiri na buti yawe yameshapangwa kabla hujaingia mlangoni kwake, ili kila hofu atakayoitaja uwe na jibu lake kwenye karatasi. Mwombe pia aje mwenyewe kwenye kikao cha nane, siku mhitimu anaendesha. Mzee aliyelea wengi atataka kuona.

Kijana wa magongo hajalalamika kwa sababu hajaulizwa. Muulize faraghani, na swali liwe la kazi: "Kwenye mradi huu, yapi unaweza kufika, na nini kikirekebishwa utafika zaidi?" Asiulizwe mbele ya watu na asiamuliwe kwa kutazamwa. Vikao vya saiti hufanyika ofisi ya mkandarasi, na hiyo inaweza kuwekwa chini, ikawa na njia ya mteremko usiozidi 1:12 (kupanda sm 1 kwa kila sm 12 za urefu) na iliyoshindiliwa vizuri. Majukwaa na ngazi za muda huenda visimfae. Kazi za msingi, kuta za chini, ukaguzi wa sampuli, milango, vigae na makabidhiano zinamfaa. Asipofika juu, apande mwenzake na simu ya picha, na yeye aongoze ukaguzi kutoka chini akiwa na mchoro. Tunakuonya juu ya kosa la upande wa pili pia: msimfanye mtaalamu wa njia za mteremko na vyoo vya walemavu kwenye kila mradi. Hilo nalo ni kumfungia chumba kimoja. Kila mbunifu anapaswa kujua kwamba kiti cha magurudumu kinahitaji duara la mm 1500 kugeuka.

Sheria tuipitie haraka, kwa kuwa utahitaji kuijua hata kama hutaitaja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa jinsia, ujauzito na ulemavu miongoni mwa mengine, na inagusa hata ugawaji wa kazi na mafunzo. Likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, au 100 kwa watoto zaidi ya mmoja. Baba ana siku 3. Mama anayenyonyesha anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi. Wiki ya kawaida ni saa 45, saa za ziada ni kwa makubaliano, hazizidi 50 katika wiki nne, na hulipwa mara moja na nusu. Na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri wa watu 20 na zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Ofisi yenu ya watu 22 imo.

Dada aliyerudi kutoka uzazi msimpunguzie uzito wa kazi bila kumuuliza. Anachokosa zaidi ni saa, na mzigo mdogo usio na maana haumrudishii saa hata moja. Mpe kazi kamili yenye mwanzo na mwisho, mathalani faili zima la kibali cha ujenzi au zabuni ya mradi mdogo, na mkubaliane saa. Vikao vyake viwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Ule mtindo wa kukesha usiku wa kuamkia zabuni ndio unaowaondoa kina mama kwenye fani hii kimyakimya, na mara nyingi chanzo chake ni mteja aliyebadilisha mawazo siku tano za mwisho akakubaliwa. Wekeni tarehe ya kufunga michoro, siku 10 kabla ya kuwasilisha. Mabadiliko ya baada ya hapo yaingie kwenye toleo la pili.

Ijumaa mnapokagua michoro ofisini, bandikeni ukutani kwa kipimo cha 1:50, kisha dakika kumi za kimya, kila mtu na penseli yake anaandika pembeni ya mchoro. Baada ya hapo aanze kuzungumza mdogo kuliko wote kwa kazi, na wewe uwe wa mwisho. Ukianza wewe, wengine watakubaliana nawe na kosa litakwenda saiti.

Angalia pia kisanduku cha jina kwenye kona ya mchoro: amechora, amekagua, ameidhinisha. Herufi za jina la mhitimu ziwepo, na akisanifu sehemu, mteja aambiwe. Fani yetu ina historia mbaya hapa. Mbunifu majengo Denise Scott Brown, aliyezaliwa Nkana katika Zambia ya leo mwaka 1931, alifanya kazi bega kwa bega na mumewe, mbunifu Robert Venturi, miongo kadhaa. Mwaka 1991 tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya ubunifu majengo duniani, ikapewa Venturi peke yake. Ombi la mwaka 2013 la kutaka naye atambuliwe lilitiwa saini na maelfu ya watu na bado likakataliwa. Jina lisipoandikwa siku ya kazi, kulirudisha baadaye ni vigumu mno.

Madaftari yasainiwe kila Ijumaa, nusu saa kwa watu wawili watatu, yasikae zaidi ya siku saba. Yakingoja mwisho wa mwaka yanajazwa kwa kukisia, na mtahini anayauliza maswali ambayo mhitimu hana majibu. Fundisha pia namna ya kuandika. "Nilichora milango" haimsaidii. Iandikwe hivi: "Jedwali la milango 46. Niligundua mlango wa chumba cha 3 ukifunguka unafunika swichi. Nilipendekeza swichi ihamie upande wa kitasa. Mhandisi wa umeme akakubali." Hapo mtahini anaona uamuzi. Kabla ya kupanga miezi sita ijayo, someni pamoja mwongozo wa sasa wa Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, AQRB, mlinganishe hatua zake na jedwali lako.

Kuhusu aliyeondoka. Usimpigie kumwomba arudi wiki hii. Hujabadilisha kitu bado na atajua. Fanya mawili. Kwanza, saini kila kazi aliyoifanya kweli, pamoja na maelezo kamili, milango kwa idadi na miradi kwa majina, ili miaka ile miwili ihesabike. Siku za saiti ambazo hakwenda usizisaini hata akiomba. Mtihani utamuumbua yeye, na ukigundulika, usajili wako nao utakuwa matatani. Pili, mwandikie barua ya utambulisho ya ukurasa mmoja kwa ofisi yoyote atakayokwenda, ukisema wazi kwamba pengo lake la usimamizi wa ujenzi limetokana na mgawanyo wa kazi wa ofisi yenu na halikutokana na uwezo wake. Mkabidhi mwenyewe, pamoja na daftari. Na kama kuna slabu inayomwagwa karibuni kwenye jengo alilolichora, mwalike aje kuikagua siku moja kabla, nauli juu ya ofisi.